Mafuta ya Bonge

Wembe hakuwa kinyozi. Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali, katika chumba kile ambako vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa hupelekwa visomwe kwa darubini, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mkono wake. Mama mtu mzima, miwani puani, kimo cha kukaribia kupita chini ya meza, lakini akishika kisu kidogo cha maabara hata madaktari walisogea kutazama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipande cha nyama kinafika kikiwa ndani ya chupa yenye dawa ya kukizuia kisioze. Fundi anakikata vidogo vidogo, anavikausha maji kwa spiriti, anavizamisha kwenye nta ya moto mpaka vinagandia humo, kisha anavitia kwenye mashine inayochonga utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando unalazwa juu ya kioo, unatiwa rangi ya zambarau na ya waridi, daktari anausoma. Ni kazi ya subira, nayo ina adui mmoja anayejulikana na kila aliyewahi kuifanya: mafuta. Mafuta hayapokei nta upesi. Ukiyachonga yanachanika, yanaukunja utando, yanaacha matundu, na daktari anakuita ofisini kukuuliza kama leo umekata kwa meno.

Wembe hakutaka kuulizwa swali hilo, na kwa miaka ishirini na miwili hakuulizwa. Njia yake ilikuwa rahisi. Kikija kipande cha ngozi, alikigeuza, akakwangua mafuta yote ya upande wa chini, akayarudisha chupani, kisha akaendelea na ngozi tupu. "Mtu ameomba ngozi, apewe ngozi," alikuwa akisema. Vioo vyake vilitoka safi, utando umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na wakaguzi wakija huonyeshwa vya Wembe, vya wenzake vikafichwa kwenye droo. Alikuwa akiringa. Tusimfichie, aliringa sana, na wala hakuna aliyemwona vibaya.

Basi siku kilipoletwa kipande cha Bonge, aliomba akikate yeye.

Bonge alikuwa binti wa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na saba aliyezaliwa na mashavu mazito jina likamganda, hata alipokua akawa mwembamba wa wastani. Wembe hakujaliwa mtoto, kwa hiyo huyu alikuwa wake kwa nusu, na mwenyewe alidai nusu iliyo kubwa. Miezi mitano sasa mtoto alikuwa akitokwa na majipu.

Majipu! Neno hilo moja lilimtesa yule mtoto karibu sawa na ugonjwa wenyewe. Uvimbe wa kwanza ulitokea pajani, mgumu, chini ya ngozi, na mama yake akasema ni jipu. Zahanati wakaandika jipu. Ukaja wa pili mkononi, wa tatu tumboni, homa ikaanza kumpanda kila jioni, na kila kituo walichokwenda mganga alisoma alichoandika mwenzake, akanakili, akatoa vidonge vya jipu. Jirani mmoja asiye na breki mdomoni akashauri mtoto awe anaoga vizuri. Bonge aliyekuwa akioga mara mbili kwa siku alilia mpaka macho yakavimba. Mwishowe daktari mmoja wa hospitali akaona mambo yamezidi. Akakata kipande kinene kwenye uvimbe wa pajani, akakipeleka maabara na fomu iliyoandikwa: "Ngozi. Majipu yasiyopona."

Siku ile Wembe alitia kisu kipya, akawasha taa ya pili, akakwangua mafuta mpaka chembe ya mwisho, kwa kuwa hiki hakikuwa kipande cha mtu baki. Kioo kilitoka kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Akakisoma Daktari wa darubini, mzee mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kuimba puani kila anaposoma. Aliimba, akaandika: ngozi ya kawaida, hakuna dalili ya ugonjwa mbaya. Wembe akampigia mdogo wake simu papo hapo, wakapiga vigelegele huku na huku. Mtoto akaongezewa vidonge vya jipu.

Wiki tatu zikakaribia kwisha. Jumapili mchana Wembe alikwenda kumtembelea mdogo wake. Mama Bonge alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa kiwanda chake. Vitambaa juu ya kochi, vitambaa juu ya redio, mgeni hujikalia atakapoona nafasi. Siku hiyo alikuwa akimpunguzia bintiye gauni la mahafali ya shule. Wembe alipewa kigoda na kopo la pini.

"Simama wima," mama mtu alisema, pini mbili zikiwa mdomoni. "Mbona unainama kama bibi kizee?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka na nini? Tangu asubuhi umekaa tu."

"Nimechoka kukaa."

Wembe alicheka, lakini mdogo wake hakucheka. Gauni lile lilikuwa limekwisha kupunguzwa mara mbili. Alikunja kitambaa kiunoni, akakunja tena, na bado kikabaki kingi mkononi. Alizitoa pini mdomoni, akazitazama, akazirudisha.

"Inua mkono," alisema kwa sauti ya chini.

Bonge akainua, mkono wa gauni ukateleza mpaka begani, na Wembe akaliona shimo. Lilikuwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, upana wa kifuniko cha soda.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Si lile jipu la kwanza la mkononi, Mamkubwa. Limepona."

"Limepona, likaacha shimo?"

"Yote yanaacha shimo. Tazama na huku." Akapandisha gauni kidogo, pajani kando ya lile kovu la kukatwa kipande kulikuwa na mashimo mawili. "Yakipona yote nitakuwa kama barabara ya kwetu."

"Yalitumbuka?"

"Hapana."

"Hayakutoa usaha? Hayakuwa na kichwa?"

"Hakuna hata moja lililotoa kichwa, Mamkubwa. Nasema kila siku, hakuna anayeniuliza. Wanatazama karatasi."

Wembe aliweka pini chini, akatia kidole gumba ndani ya lile shimo la mkono. Ngozi ya juu ilikuwa nzima, laini, haina kovu wala alama. Jipu lililotumbuka huacha kovu, hilo hata mtoto mdogo analijua. Hapa ngozi ilikuwa salama, lakini kidole kilizama moja kwa moja mpaka kikagusa msuli. Na kati ya ngozi na msuli huwa kuna nini? Muulize muuza nyama yeyote. Huwa kuna mafuta. Ugonjwa ulikuwa ukila mafuta ya mtoto na kuiacha ngozi yake.

Ndipo alipokumbuka kisu kipya na taa ya pili. Akauvuta mkono wake upesi, kama aliyeungua. Daktari hakuuona ugonjwa kwa sababu hakupewa. Yeye Wembe, kwa mkono wake wa sifa, aliutoa wote kwanza, akaurudisha chupani, kisha akapeleka ngozi ikasomwe.

"Dada, vipi?" mdogo wake aliuliza. "Mbona umebadilika hivyo?"

"Kizunguzungu tu. Jua hili."

Walikuwa ndani, na mapazia yamefungwa.

Njiani akirudi alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Chupa zilizokwisha kusomwa hukaa stoo wiki tatu, na Jumatatu wiki hizo zinapotimia humwagwa. Kipande cha Bonge kililetwa Jumatatu. Alihesabu tena akianzia mwisho, jibu likawa lile lile: kesho. Akampigia simu Mzee wa Stoo mara nane. Ilikuwa imezimwa, maana mzee yule siku ya Jumapili hakuwa mtumishi wa mtu yeyote.

Asubuhi Wembe alifika kabla mlinzi hajamaliza kufungua geti. Alijiambia hana haraka, kwa kuwa Mzee wa Stoo alikuwa hajawahi kufika kazini kwa wakati tangu aajiriwe. Lakini Jumatatu hiyo, ya Mungu mengi, mzee aliamua kuwahi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Toroli lilikuwa nje, pipa la kumwagia limefunuliwa, na mzee mwenyewe, glavu mpaka viwikoni, alikuwa ameshika chupa moja kila mkono.

"Shikamoo weka chini hizo chupa!" Wembe alisema kwa pumzi moja.

"Marahaba. Ipi?"

"Zote! Nataka mia sita na kumi na nne. Umeshamwaga mpaka ngapi?"

"Subiri nitazame daftari. Miwani yangu nimeiweka wapi?"

Ilikuwa kichwani mwake. Wembe aliruka kidogo, akaivuta ikatua puani. Mzee akalisogeza daftari, akalirudisha nyuma, akapitisha kidole juu ya namba taratibu, akakohoa, akaanza upya kutoka juu.

"Mia sita na tisa," mzee alisema. "Hizi mkononi ni kumi na kumi na moja."

Wembe akamkumbatia. Mzee wa Stoo hakuwa amezoea mambo hayo kazini, akabaki ameinua mikono juu na chupa zake, akiuliza kama kuna mtu amekufa.

Chini kabisa ya chupa ya mia sita na kumi na nne vilitulia vipande vitano vya manjano, kila kimoja kadiri ya punje ya mahindi. Aliibeba chupa hiyo kifuani, akapanda ngazi hadi ofisi ya Daktari wa darubini na kuingia bila kubisha hodi. Daktari alikuwa anasoma, anaimba puani.

"Daktari, kile kioo cha mtoto wa mdogo wangu si cha kweli."

Wimbo ukakatika.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Mashimo, majipu yasiyo na kichwa, mafuta aliyoyakwangua. Daktari hakumkatiza. Alikitoa kile kioo kwenye sanduku, akakiweka chini ya darubini, akakitazama kwa muda.

"Ngozi tupu," alisema. "Chini yake hakuna kitu."

"Nilikwangua."

"Huwa unakwangua siku zote?"

"Siku zote, Daktari. Miaka ishirini na miwili."

"Na mimi nasoma hapa mwaka wa kumi na moja. Ngozi zote hizo hazina mafuta, na sikuwahi kuuliza yamekwenda wapi." Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipenda tu jinsi zilivyonyooka. Na saini iliyo pale ni yangu, mama, si yako. Sasa usinililie juu ya kioo. Ngozi nyingine zilizo rafuni tutazirudia zote, moja baada ya moja. Kwanza huyu."

Akapiga simu wodini, akasema jibu lake la wiki tatu zilizopita lifutwe, alikosea, na mtoto aletwe leo hii alazwe, apimwe damu. Alisema "nilikosea" mara mbili, kwa sauti ile ile kavu anayosomea majibu. Wembe alikuwa hajawahi kusikia daktari akilitamka neno hilo kwenye simu.

Sasa ikabaki kazi. Mafuta hayaharakishwi. Wembe aliyaloweka kwenye spiriti, akayahamishia nyingine kali zaidi, kisha nyingine, saa baada ya saa, na nta ya moto ikafuata kwa muda mara mbili ya kawaida yake. Siku mbili hakufanya jingine. Mwenzake mmoja alimtania kwamba Wembe leo anapika maharage. Wembe akaendelea kubadilisha spiriti.

Jumatano aliugandisha ule mche wa nta uliobeba mafuta kwa barafu, akaufunga kwenye mashine, akaanza kuchonga. Utando wa kwanza ulichanika. Wa pili ukajikunja kama jani kavu. Akarudisha barafu, akasubiri, akazungusha gurudumu polepole akiwa amezuia pumzi, na wa tatu ukatoka, nusu yake mzima, nusu matundu. Akauelekeza kwa brashi mpaka juu ya maji ya vuguvugu, akauokota kwa kioo. Kilikuwa kioo kibaya kuliko vyote alivyotengeneza tangu alipoanza kazi. Wakaguzi wangekiona wangeuliza nani amemwajiri. Alikitia rangi, akakipeleka kwa Daktari kwa mikono miwili.

Daktari alisoma bila kuimba. Baada ya muda akamwonyesha upande wa pili wa darubini, yenye macho ya kutazamia watu wawili.

"Unayaona yale mapovu?"

"Ndiyo mafuta yenyewe."

"Tazama pembeni ya kila povu."

Kila povu la mafuta lilikuwa limezungukwa na chembe ndogo nyeusi, zimejipanga moja moja pembezoni kote, kama shanga shingoni. Si povu moja wala mawili. Daktari alisogeza kioo huku na huku, na kila walikofika ilikuwa vile vile.

"Hizo ni chembe za kinga," alisema. "Zinatakiwa zimlinde mtoto, badala yake zinamshambulia. Hii ni saratani, mama, aina ya limfoma. Ni nadra. Katika maisha yangu nimeiona mara mbili, na mara zote mbili kwa vijana. Inakaa kwenye mafuta chini ya ngozi, watu wanaiita jipu, au wanasema ni baridi imeingia mwilini, mpaka siku inapochachamaa. Ikichachamaa mwili unaanza kula damu yake wenyewe, na hapo ni suala la wiki, wakati mwingine siku."

"Imechachamaa?"

"Sijui. Kioo hakiwezi kuniambia hilo, damu ndiyo itasema. Na vipande vingine navipeleka maabara kubwa vitiwe rangi maalumu, nipate uhakika ni aina gani. Kuna aina inayosikia dawa na kuna isiyosikia." Akamtazama. "Mama yake amekwisha ambiwa?"

"Kuhusu saratani?"

"Kuhusu yote."

"Nitamwambia mimi," Wembe alisema.

Alimwambia nusu. Alimwambia mdogo wake kwamba si jipu, ni limfoma, na kwamba wameiona. Mama Bonge alikaa chini kwenye kiti cha wodini, akatazama ukuta. Kisha akasema jambo ambalo Wembe hakulitarajia kabisa. "Afadhali," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Afadhali ina jina. Miezi mitano wananiambia mtoto hana kitu, na mimi namwona anaisha." Wembe alimshika mabega, akashindwa kuendelea na ile nusu nyingine.

Daktari wa damu, mama kijana mwenye kusema haraka kama aliyeacha sufuria jikoni, alikuja na majibu ya kwanza siku iliyofuata. Damu ilikuwa imeanza kushuka, ini limevimba kidogo. "Amefika mlangoni," alisema, "lakini hajaingia. Sisubiri hata siku moja, dawa anaanza sasa hivi." Vidonge vikaletwa, mtoto akanywa wakimtazama wote. Siku ya nne jibu la maabara kubwa likafika: ni limfoma hiyo hiyo, na ni ile aina inayosikia dawa. Daktari wa damu alilisoma mara mbili, kisha akafanya jambo lisilomo kwenye mafunzo ya udaktari, akampiga Mama Bonge kofi la furaha begani, akaomba radhi, akaondoka akikimbia.

Kule maabara nako ngozi ishirini na sita zilizokuwa bado rafuni zilirudiwa, safari hii na mafuta yake. Wembe alizikata zote yeye mwenyewe, na kwa kila moja alikuwa na roho mkononi. Zote zilikuwa salama. Zile za miaka ya nyuma zilikwisha mwagwa, na juu ya hizo hakuna aliyeweza kumpa jibu.

Homa ya Bonge ilishuka siku ya tano ya dawa. Manesi walidhani kipimo kimeharibika, wakaleta kingine. Siku ya sita haikupanda, siku ya saba ikawa vile vile, na mstari kwenye karatasi ya kitandani, uliokuwa ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, ukalala chini ukatulia. Siku ya nane mtoto aliomba chakula. Alikimaliza, akaomba na cha mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa amekisukuma pembeni.

"Na uulize kwanza," mama yake alisema.

"Nimeuliza kwa macho, amekubali."

Wembe alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile Jumapili, na alipomaliza akajua kwamba kisingizio kimekwisha. Alikuwa amejiambia atasema homa ikishuka. Homa imeshuka.

Mama Bonge alikuwa hajaondoka kwenye kile kiti tangu mtoto alazwe, isipokuwa kwenda kuoga na kurudi mbio. Shangazi za mtoto walikuja kumpokea zamu, akakataa. Baba mtu alimwomba, akakataa. Nesi akija na sindano alimfuata kwa macho mpaka atoke. Wembe alijitolea mara tatu, naye akajibiwa mara tatu, "Wewe una kazi, dada." Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akiongea anaachia maneno njiani.

"Mdogo wangu, njoo nje mara moja," Wembe alisema.

"Siendi nje. Sema hapa, mtoto amelala."

Wembe akasimama miguuni pa kitanda, akashika chuma chake, akasema. Alisema tangu mwanzo: kisu kipya, taa ya pili, mafuta. Jinsi kipande chenyewe kilivyokuwa na ugonjwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na jinsi alivyoutoa kwa sababu alitaka kioo cha mtoto wake kiwe kizuri kuliko vya watu wote. Hakujitetea. Mdogo wake alisikiliza huku akikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa hiyo zile wiki tatu," alisema hatimaye.

"Ni mimi."

"Tulipiga vigelegele."

"Nilianza mimi."

"Na ile siku ya gauni ulikuwa umeshajua. Ukaniambia jua."

"Ndiyo."

"Ndani ya nyumba."

Mama Bonge aliliweka taulo chini, akavuta pumzi ndefu. "Usiseme tena kwanza," alisema. "Nikikujibu sasa hivi nitakutukana, na mtoto atasikia."

"Mtoto anasikia," alisema Bonge, macho yamefumbwa.

Wote wawili wakageuka.

"Na mtoto anasema," Bonge aliendelea, bado hajafumbua macho, "watu wote wale, na makoti yao, hakuna aliyewahi kunishika pale penye shimo. Ni Mamkubwa peke yake. Basi. Naendelea kulala."

Kwenye korido toroli la chakula lilikuwa likikusanya sahani. Mama Bonge alimtazama bintiye, akamtazama dada yake kwa muda mrefu sana, kuanzia miwani mpaka viatu, kama anayempima nguo.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nitakusamehe nikiamka."

Akainuka. Alivuta kile kiti kikageukia kitandani, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Kaa hapa. Saa kumi anakunywa vidonge vitatu, vyeupe viwili na hiki cha njano. Asinywe na tumbo tupu. Akisema ameshakunywa, ni muongo." Akatwaa mkoba wake, akavaa viatu bila kufunga kamba. "Mimi nakwenda nyumbani kulala."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na mlango wa wodi ukajifunga taratibu nyuma yake.

Wembe akakaa. Kiti kilikuwa bado cha moto. Alivipanga vile vidonge vitatu juu ya kabati dogo, akavihesabu, akavihesabu tena, kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Hakuyaondoa pale mpaka ilipogonga kumi.